Mkono Kwenye Tundu la Hewa

Ijumaa iliyopita nilirudisha funguo. Zilikuwa arobaini na tatu kwenye pete moja, na suruali zangu zote za kazi zimechakaa upande wa kulia kwa uzito wake. Ofisini walinikatia keki, wakanivisha kofia, na meneja mpya akatoa hotuba ambayo nusu yake ilimhusu mtu mwingine. Nilipokuwa napakia vyombo garini, Otieno akanifuata. Otieno ni Mkenya, tumefanya kazi pamoja miaka miwili, na hana kawaida ya kusema mambo mazito.

"Mzee, usiende na hizo vitu zote kwa kichwa," akasema. "Sisi tutabaki tuki-guess. Tuandikie, hata kama ni page mbili."

Basi naandika, na naandika kwa Kiswahili kwa sababu karakana yetu ya Haltom City siku hizi imejaa Wakenya, Wakongo na Watanzania, na kila mmoja anaamini Kiswahili cha mwenzake kimepinda. Sitaeleza nilipandishwa cheo lini, maana hilo halimsaidii mtu kuzibua sinki. Nitaeleza nilivyofundishwa kazi ya kutunza nyumba za kupanga, majira ya baridi ya hapa yalivyo, na karatasi moja niliyoitia sahihi bila kuingia ndani. Karatasi hiyo ilikuwa ya nyumba namba 214. Bado naiona nikifumba macho.

Nilifika Houston mwanzoni mwa miaka ya tisini nikiwa na umri wa miaka arobaini na sita. Kwetu Lushoto nilikuwa fundi wa kiwanda cha chai, natunza mashine za kukaushia majani. Nilikuja na cheti ndani ya bahasha ya plastiki, na katika miaka yote hii hakuna mtu aliyewahi kuifungua bahasha ile. Mdogo wangu wa kike, muuguzi anayekaa Pearland, ndiye aliyenipokea. Alinitafutia kazi kwenye majengo ya apatimenti upande wa kusini mwa jiji, kazi ya kutengeneza chochote kilichoharibika.

Siku ya kwanza nilivaa shati jeupe na viatu vya ngozi. Nilikabidhiwa kwa Mzee Ruben, mtu wa Mexico, mfupi, mwenye masharubu ya kijivu. Alinitazama kuanzia juu hadi chini, akanipa ndoo, akanipeleka kwenye choo kilichofurika. Shati lile sikulivaa tena. Kiingereza chetu sote wawili kilikuwa cha kuungaunga, lakini tulielewana kuliko alivyoelewana na Wamarekani wenyewe, kwa sababu hakuna aliyemwonea mwenzake aibu.

Ruben alikuwa na sanduku la bati lenye vitu vichache. Bisibisi mbili, koleo, kipimo cha umeme, tochi, na soksi nene mbili nyeupe. Soksi hizo alizivaa juu ya mabuti kila alipoingia nyumba ya mtu ili asichafue zulia. Alibisha hodi, akajitaja, akavuta soksi, akaingia moja kwa moja hadi kwenye mashine ya kupoza na kupasha hewa. Mimi nilibaki mlangoni nikisalimia.

"Habari za hapa? Mashine inafanya kazi vizuri?" nilimuuliza mwenye nyumba.

"Vizuri tu," mwenye nyumba alijibu.

Ruben ndani alikuwa amekwisha kuinua mkono, mgongo wa kiganja umeelekezwa kwenye tundu la hewa ukutani, na mashine haikuwa nzima hata kidogo. Siku moja aliniita pembeni. Aliniambia kwa Kiingereza chake kwamba watu wana adabu, na mtu mwenye adabu atakwambia mambo ni sawa ili usisumbuke. "Usimuulize mtu," akasema. "Iulize mashine."

Nilimheshimu sana Ruben, lakini katika hilo nilimwona mtu asiyelelewa vizuri. Kwetu huwezi kuingia tu chumbani kwa watu na mabuti, hata ukiyavisha soksi. Nilijifunza mengine yote kutoka kwake, hilo nikaliacha.

Miaka michache baadaye kampuni ilinunua majengo kule Haltom City, kaskazini mashariki ya Fort Worth, ikawa inatafuta fundi wa kuhamia huko. Wenzangu wote waligundua kwa ghafla kwamba mama zao wanaumwa. Nikaenda mimi. Nilidhani ni jimbo lile lile, jua lile lile.

Houston haina baridi ya kusimulia. Hita hukaa mwaka mzima bila kazi, kisha siku moja ya Januari inapotakiwa hugoma, unaipiga kofi inawaka. Haltom City ni habari nyingine. Asubuhi watu wanatembea na fulana, mchana upepo unageuka kutoka kaskazini, jioni mikono haishiki bisibisi. Na barafu yake si ile nyeupe ya kwenye kadi za Krismasi. Ni mvua inayogandia pale pale inapoangukia, kwenye ngazi, kwenye nyaya za umeme, kwenye kitasa cha mlango. Huioni mpaka umekwisha kulala chali.

Kimji chenyewe kina vituko vyake wakati huo. Mtangazaji wa hali ya hewa akikunja tu mikono ya shati kwenye televisheni, watu wanavamia maduka na kununua mikate na maziwa kana kwamba barafu itakaa hadi Pasaka, wakati kwa kawaida haimalizi siku tatu. Wanawake wazee hufunika mawaridi yao kwa mashuka ya kitanda. Mara ya kwanza kuyaona alfajiri, nyua nzima zimejaa vitu vimesimama na mashuka meupe, nilisoma dua. Mabomba ya nje huvishwa soksi kuukuu. Mwenye duka la matairi karibu nasi alikuwa na desturi ya kuacha maji ya kunyunyizia majani yatiririke usiku wa baridi kali, yakaugandisha mti wake wote, na asubuhi familia zilikuja kupiga picha mbele yake. Hakuuza tairi hata moja siku hizo, ila alisimama mlangoni na kikombe cha kahawa akitazama kwa fahari. Kesho yake jua lilitoka, mti ukadondoka maji, na kijana mmoja akapita na kaptura.

Kazi yetu ilianza mapema kabla ya hayo yote. Kila Novemba tulipita nyumba hadi nyumba na fomu yenye mistari minne: hita, mabomba, madirisha, kengele ya moshi. Fundi anaweka alama kwenye kila mstari, chini anatia sahihi. Nilijipatia sifa kwa madirisha. Majengo yetu yalikuwa ya zamani, upepo unapita pembeni mwa vioo, nami nilibandika karatasi ya plastiki kwa gundi, kisha nikaziba milango kwa ukanda wa mpira. Wapangaji walisema nyumba zangu hazipitishi hata unyasi. Nilifurahi sana kuyasikia maneno hayo.

Katikati ya miaka ya elfu mbili wakaanza kuletwa Wakongo, watu wa Kivu waliokaa kambini miaka mingi. Meneja wetu wakati huo, mama wa Kitexas aitwaye Darlene, aliniita ofisini akaniuliza kama ninaelewa wanachosema. Nikamwambia tunaelewana, ila inabidi tusikilizane vizuri. Tangu siku hiyo nikawa fundi, mkalimani, mwalimu wa jiko la umeme na shahidi wa ndoa mbili. Waliniita Papa Fundi. Jumapili moja ya barafu niliwaona akina mama wa kwaya wakishuka ngazi, koti juu ya kitenge, kitenge juu ya suruali, na soksi nene wamezivaa juu ya viatu ili wasiteleze. Nilimkumbuka Ruben nikacheka peke yangu. Hakuna aliyewafundisha, walijigundulia wenyewe, na hakuanguka hata mmoja.

Mama Nabintu alikuwa mmoja wao. Alikaa namba 214, ghorofa ya juu, yeye na mwanawe Amani, mtu mzima aliyefanya kazi kwenye ghala upande wa pili wa mji. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, mrefu, sauti ya chini, na barazani aliweka jiko la mkaa la kuchomea nyama ambalo Amani alilinunua mtaani. Yeye aliliita mbabula. Alilipikia samaki jioni za kiangazi, na harufu yake ilinirudisha nyumbani.

Novemba moja nilifika mlangoni kwake saa nne asubuhi. Madirisha nilikwisha kuyaziba tangu Septemba, Amani akiwapo. Kilichobaki kilikuwa mstari wa kwanza, hita. Akafungua mlango kiasi cha kutoa uso.

"Karibu, Papa Fundi. Amani haiko, iko ku kazi."

"Sina haja ya kukusumbua, mama. Nauliza tu hita inafanya kazi?"

"Iko muzuri. Haina shida."

Mjane, peke yake, mwanawe hayupo. Nilivyolelewa, mwanamume hapiti kizingiti hicho. Nikashukuru, nikaegemeza fomu ukutani, nikaweka alama kwenye mstari wa kwanza, nikatia sahihi. Niliposhuka ngazi nilijiona mtu mwenye heshima zake.

Baridi halisi ilikuja Januari. Mvua ya barafu ilinyesha siku nzima, barabara zikafungwa, na waliokuwa zamu kwenye maghala hawakuweza kurudi. Kesho yake asubuhi nilikuwa nyumbani kwangu pale pale kwenye majengo, nikatoka na ndoo ya chumvi kunyunyizia ngazi. Nilipofika juu ya ngazi za jengo linalotazamana na la Mama Nabintu, nikasimama kupumua.

Nyumba yenye joto, asubuhi kama ile, vioo vyake vinatoa jasho kwa ndani. Mstari mzima wa ghorofa ile vioo vilikuwa na ukungu. Kioo cha sebule ya 214 kilikuwa kikavu, kimeota maua ya barafu pembeni. Nikatazama baraza yake. Sakafu yote imefunikwa na barafu inayong'aa, isipokuwa duara moja, saizi ya sinia, ambapo palikuwa pakavu kabisa. Hapo ndipo mbabula iliposimama wakati mvua inanyesha. Mbabula haikuwapo.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba imeingizwa ndani, na ninauonea haya muda huo hadi leo. Kisha nikaacha ndoo. Sijui nilivyovuka uwanja ule, najua nilianguka mara mbili kwa sababu goti langu la kushoto halijasahau. Nikapiga mlango kwa ngumi. Ulifunguliwa taratibu. Mama Nabintu alikuwa amesimama akishika kichwa, macho mekundu, midomo mikavu.

"Iko muzuri, Papa Fundi," akasema, kwa shida. "Iko muzuri."

Hewa iliyotoka nyuma yake ilikuwa ya oveni na ya mkaa. Nikampita. Jikoni oveni ilikuwa wazi inawaka, blanketi lake liko chini mbele yake. Mlango wa chumba cha kulala ulikuwa umefungwa. Nikaufungua, nikaiona mbabula juu ya sinia, makaa yamekuwa majivu yenye wekundu kidogo katikati, na kitandani kikongwe ambaye sijawahi kumwona maishani mwangu, mdogo kama mtoto wa shule, amefunikwa vitenge vitano.

Niliitoa mbabula. Nikarudi kufungua dirisha, halikufunguka. Nilikuwa nimeliziba mimi mwenyewe. Nikachana plastiki yangu kwa kisu, nikang'oa gundi yangu kwa kucha, hata kioo kikasogea. Kisha nikambeba yule bibi hadi nje kwenye ngazi. Alikuwa anapumua. Mama Nabintu alikaa pembeni yake juu ya barafu, akamshika miguu, akawa anamwita, "Mama, mama," na ndipo nikajua ni nani. Gari la wagonjwa lilichelewa kwa sababu ya barabara. Tulikaa pale tukimfunika koti langu.

Walimwita Koko, yaani bibi. Nilielezwa baadaye na Amani, hospitalini, tukiwa tumesimama karibu na mashine ya soda.

"Alifika mwezi wa kumi, kutoka kwa dada yetu," akasema. "Jina yake haiko ku lease. Mama alisema, Papa Fundi akiingia ataona kitanda ya tatu. Kule mu camp, bakikuta muko na mutu haiko ku liste, banabakata bote ku ile liste. Mi nilimwambia hapa si camp. Hakusikia."

"Na hita?"

"Ilikufa mwanzo ya Novemba. Alisema tutavumilia."

Koko alikuwa na ugonjwa wa kifua, joto la oveni halikufika chumbani kwake, na bintiye alifanya alichokifanya maisha yake yote akiwa na mgonjwa na baridi. Kwao nyumba zilikuwa na upenyo juu ya kuta na moshi ulijiondokea. Hakuna aliyemwambia kwamba nyumba hii haipitishi hata unyasi. Koko alifariki siku ya tatu, kwa sumu ya hewa ya makaa.

Nilikwenda kuitazama hita wakati wao wako msibani. Kilichoharibika kilikuwa kiwasho, kipande cha kijivu chenye urefu wa kidole cha shahada, kinachowaka chekundu na kuwasha gesi. Kilikuwa na ufa mwembamba. Ninyi mnajua kazi hiyo: unazima umeme na gesi, unafungua skrubu mbili, unashika kipya kwa kitako chake cheupe bila kugusa sehemu ya kijivu, unarudishia. Nilikuwa na vipya vitatu stoo. Nilimaliza kwa dakika ishirini, kisha nikakaa chini kwenye zulia lao nikalia kwa sauti.

Jumatatu Darlene aliniita. Mezani palikuwa na ripoti ya zimamoto na ile fomu yangu ya Novemba. Hakuwa mtu mbaya, nasema hivyo kwa haki yake. Alinionyesha alama niliyoweka kwenye mstari wa kwanza.

"Namshukuru Mungu unaandika vizuri," akasema. "Hita ilikaguliwa ikaonekana nzima. Wameingiza mkaa ndani, na wameweka mtu asiye kwenye mkataba. Barua ya kuwahamisha iko tayari, nasubiri sahihi ya makao makuu."

Nilikuwa na miaka karibu sitini. Nilijua nani anaajiri fundi wa miaka sitini mwenye goti bovu. Niliitikia kwa kichwa, nikatoka, nikafanya kazi siku nzima bila kusema na mtu. Ndiyo, nilinyamaza siku nzima. Msije mkamsimulia mtu kwamba nilikuwa shujaa.

Jumanne asubuhi nikarudi. Nikaomba ile fomu, nikatoa kalamu, nikaandika chini ya sahihi yangu kwamba sikuingia ndani na sikuigusa hita, niliuliza mlangoni tu.

"Rajabu," Darlene akasema, "fikiria unachofanya."

"Nimefikiria jana."

"Wanaweza kukufukuza."

"Najua. Lakini mama yule asitolewe kwa alama yangu."

Darlene aliisoma ile fomu mara mbili. Kisha akachukua ile barua ya kuwahamisha akaitia kwenye droo, na sikuiona tena. Mimi nilipewa onyo la maandishi na kusimamishwa wiki mbili. Nadhani hawakunifukuza kwa sababu Februari ilikuwa mlangoni na hakuna mwingine aliyetaka kutembea juu ya barafu na ndoo.

Jioni ile nilikwenda msibani. Kanisa lao lilikuwa limeazima ukumbi, wanawake wamekaa kwenye mikeka, kwaya inaimba chinichini. Nilisalimia, nikainama mbele ya Mama Nabintu.

"Mama, kuna jambo lazima nikwambie mwenyewe. Karatasi ya Novemba niliandika hita yako ni nzima. Sikuiona. Sikuingia ndani."

Alinitazama.

"Mi niliogopaka makaratasi yenu," akasema. "Weye, uliogopaka nini?"

"Niliogopa kukukosea heshima, mama."

Yalikuwa maneno ya kweli, na nilipoyasikia yakitoka mdomoni yalikuwa madogo mno. Alitikisa kichwa kidogo.

"Aya," akasema, akawageukia wageni wengine.

Kiwasho sikumtajia. Nilimwambia hita imetengenezwa, basi. Sikuwa na nguvu ya kumwambia ukubwa wake.

Tangu hapo nilinunua soksi nene mbili nyeupe. Otieno alipoanza kazi alinicheka sana. "Mzee, hizo socks ni za nini? Kwani tunaenda msikitini?" Nikamwambia avae zake. Mnabisha hodi, mnajitaja, mnavaa soksi juu ya mabuti, mnaingia. Ikiwa mama yuko peke yake, mlango unaachwa wazi kabisa, au mnamwita jirani mwanamke asimame nanyi, au mnarudi jioni. Kuna njia kumi za kuingia kwa heshima, na nilikuwa na miaka mingi ya kuzifikiria kabla ya siku ile. Mkifika ndani mnaweka mgongo wa kiganja kwenye tundu la hewa, mnahesabu hadi sitini. Ndipo mnaweka alama. Mkikuta kitanda cha ziada hamkukiona, nyinyi ni mafundi wa hita.

Kila Novemba nilipanda 214. Mama Nabintu alifungua mlango hadi mwisho, akasimama pembeni na mikono nyuma.  Aliutazama mkono wangu kwenye tundu kwa sekunde zote sitini, nami nilisikia joto likipita vidoleni. Nilipomaliza nilisema, "Iko sawa, mama." Alifunga mlango. Ikawa hivyo miaka mitatu. Miaka hiyo yote jina lake halikuonekana hata mara moja kwenye daftari la malalamiko, ingawa nilijua bomba la bafu lake linavuja, maana nilikuwa nalisikia.

Wiki mbili kabla ya kurudisha funguo, upepo uligeuka kutoka kaskazini. Asubuhi nilipofungua daftari nikakuta mstari wa kwanza, kwa mwandiko wa karani: 214, hita inatoa hewa baridi, mpangaji amekuja mwenyewe ofisini. Nikausoma tena. Karani akaniambia mama huyo alifika kabla ofisi haijafunguliwa, akasimama nje na koti lake hadi akafunguliwa.

Nilipanda na sanduku langu. Mlango ulikuwa wazi tayari. Nikavaa soksi, nikaingia, nikaweka mkono. Hewa ilikuwa baridi kweli. Nikafungua kabati la hita, nikamulika, na nilijua kabla ya kuona. Kiwasho kile nilichokiweka mwenyewe kilikuwa kimepata ufa.

Ningeweza kukitia mfukoni. Ningefanya kazi kwa kumpa mgongo, nikasema imetengenezwa, nikashuka, na baada ya siku kumi na nne nisingekuwa na funguo. Nilikitoa taratibu nikageuka nacho mkononi.

"Mama, kimeharibika hiki. Na ile mara ya kwanza kilichoharibika kilikuwa kama hiki hiki."

Alikisogelea. Alinyoosha kiganja, nikakiweka hapo. Alikitazama, akakigeuza kwa kidole.

"Ni haka tu?"

"Ni hako tu, mama."

"Na kukabadilisha ni siku ngapi?"

"Dakika ishirini."

Alikaa kwenye kiti cha karibu. Nilidhani atalia, au atanitoa nje, na vyote viwili vilikuwa haki yake. Alikifumbata tu. Mimi nikapiga magoti mbele ya hita, nikafunga kipya, skrubu mbili, nikarudisha gesi na umeme. Kiwasho kikawa chekundu, moto ukashika, feni ikaanza kuzunguka. Nikainuka kwenda kwenye tundu la hewa kama kawaida yangu.

Nilimkuta amekwisha kufika. Alikuwa amesimama mbele ya tundu, mkono mmoja bado umefumbwa, mwingine ameuinua, mgongo wa kiganja mbele, kama alivyoniona nikifanya miaka yote ile. Nikasimama nyuma yake. Nilimsikia akihesabu kwa sauti ya chini, kwa Kifaransa. Hakuwa amefika thelathini alipogeuka kunitazama.

"Moto iko nakuya, Papa Fundi," akasema. "Leta na mukono yako."